Mti, Igiti na Umusambi: Je, Sarufi Yetu Inapima Thamani ya Maumbile?

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na kosa la sarufi. Katika zoezi la utungaji la mwaka wa kwanza, mwanafunzi mmoja aliandika: "Umusambi unaruka juu ya bonde la Nyandungu." Nilipiga mstari mwekundu mara mbili. Kwanza, umusambi ni neno la Kinyarwanda. Kwa Kiswahili ndege huyo ni korongo, yule mwenye taji kichwani. Pili, ndege ni kiumbe hai, kwa hiyo tunasema anaruka, si unaruka. Pembeni nikaandika maneno ambayo wengi wetu tumeyaandika miaka yote: "Ngeli ya A-WA ni ya viumbe hai."

Kipindi kilichofuata mwanafunzi yule aliinua mkono. "Mwalimu, mti si kiumbe hai?" Nikamjibu kwamba ni kiumbe hai. "Basi kwa nini hatusemi mti anakua?" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, lakini jioni ile nilirudi nyumbani Busanza bila jibu la kunitosheleza.

Kilichonisumbua zaidi si swali lenyewe. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wale wale kwamba upatanisho wa Kiswahili ni ushahidi wa falsafa ya wazee wetu: kwamba Mswahili anaposema "ng'ombe anakula" humweka mnyama daraja moja na mtu, na kwamba hapo ndipo ilipofichwa heshima ya Mwafrika kwa maumbile. Ni somo linalopendeza, na wanafunzi hulinakili haraka. Swali moja la mti lilitosha kulitikisa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mambo matatu. Kwanza, ni kwa namna gani wanafalsafa, na hasa Mnyarwanda Alexis Kagame, walitafuta thamani ya viumbe ndani ya sarufi. Pili, historia ya eneo letu inaonyesha nini kuhusu namna watu walivyoamua thamani hiyo kwa vitendo. Tatu, sisi walimu wa Kiswahili tuseme nini darasani. Maoni yangu nitayatoa mapema: ngeli hupanga maneno, hazipimi utu wala thamani. Thamani ya msitu, bonde au ndege huamuliwa na watu, na kila uamuzi una mtu anayeulipia.

Kagame na mzizi wa -ntu

Padri Alexis Kagame (1912–1981) anajulikana kwetu kama mwanahistoria na mshairi, lakini alikuwa pia mwanafalsafa. Alipata shahada ya udaktari mjini Roma mwaka 1955, na mwaka 1956 tasnifu yake kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda ilichapishwa Brussels. Miaka kumi na moja kabla yake, mwaka 1945, mmisionari Mbelgiji Placide Tempels, aliyeishi miongoni mwa Waluba wa Kongo, alikuwa ametoa kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Kagame hakuridhika na njia ya Tempels ya kusimulia mila. Yeye aliuliza: kama wazee wetu hawakuandika vitabu vya falsafa, ushahidi wa fikra zao uko wapi? Akajibu kwamba umo ndani ya lugha, ambayo hakuna mtu mmoja aliyeitunga ili kututhibitishia jambo.

Kitabu kile kimeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo kati ya wahusika wawili, Kama na Gama, na kiini chake ni mzizi -ntu. Kagame alionyesha kwamba vyote vilivyopo huingia katika mafungu manne: umuntu, yaani kilichopo chenye akili, ikintu, kilichopo kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna au jinsi kitu kilivyo. Mafungu hayo aliyalinganisha na yale ya Aristotle.

Sasa tuulize: katika mpango huo ng'ombe yuko wapi? Mti uko wapi? Vyote viwili, pamoja na jiwe, vimo katika ikintu. Kagame hakusema kwamba vyote ni sawa. Alieleza kwamba mnyama ana uhai na ana kivuli, lakini akifa kivuli chake hutoweka, ilhali mtu akifa hubaki kuwa umuzimu. Hata hivyo mstari mkubwa unamzunguka umuntu peke yake. Anayetafuta katika kitabu hicho Afrika isiyotenga mtu na maumbile hataiona. Ataona mtu upande mmoja, na vitu vyote upande wa pili.

Kiswahili kinaonekana kupingana na mpango huu. Mnyarwanda husema inka irarisha, imbwa iramoka, umusambi uraguruka. Kila mnyama hubaki na upatanisho wa ngeli yake. Mswahili husema ng'ombe analisha, mbwa anabweka, korongo anaruka. Humtoa mnyama katika ngeli ya jina lake na kumpa upatanisho wa mtu. Ndiyo maana wanafunzi wetu wa Rwanda hukosea hapa kila mwaka. Na ndiyo maana ni rahisi kwa mwalimu kudai kwamba Mswahili anawaheshimu wanyama kuliko Mnyarwanda. Dai hilo, ndugu msomaji, halisimami.

Kwa nini ngeli si mizani

Sababu ya kwanza imo nyumbani kwetu. Tunasema "mama yangu", "ndugu yangu", "rafiki zangu". Lakini tukimzungumzia mbu, sarufi inaturuhusu kusema "mbu wangu", kwa upatanisho wa mtu. Kama upatanisho ungekuwa mizani ya thamani, basi mbu angemzidi mama.

Sababu ya pili ni maneno yenye maana mbili. "Kifaru amelala" ni mnyama. "Kifaru kimepita" ni gari la vita. "Korongo amekauka" ni ndege maskini. "Korongo limekauka" ni bonde jembamba lililochimbwa na maji, kama lile la Olduvai. Hapa upatanisho unafanya kazi ya manufaa kabisa: unatusaidia tusichanganye mambo. Haumpi mnyama sifa wala haulidharau bonde.

Sababu ya tatu ni historia ya lugha yenyewe. Mafungu manne ya Kagame yanatoka katika mzizi mmoja kwa sababu Kinyarwanda kimehifadhi maneno yote manne. Kiswahili kina mtu na kitu, lakini mahali ni neno lililotoka Kiarabu, na badala ya ukuntu tunasema namna au jinsi. Utu tunao, lakini utu ni ubuntu, si ukuntu. Je, Kagame angezaliwa Lamu, angepata mafungu mawili tu ya vilivyopo? Yeye mwenyewe alitambua haja ya kupanua uwanja, na mwaka 1976 alitoa kitabu kingine kilicholinganisha lugha nyingi za Kibantu. Miaka hiyo hiyo ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin alikosoa mtindo mzima wa kuichimbua falsafa ya watu wote kutoka katika lugha na mila zao. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba falsafa ni kazi ya mtu anayejenga hoja na kukubali kupingwa. Haiwezi kuwa usingizi wa pamoja wa taifa zima.

Sababu ya nne niliipata kwa aibu. Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, niliugua malaria. Jirani yangu bwenini alipokuja kunijulia hali, nilimwambia kwa ujasiri: "Usijali, nimekwisha kunywa miti miwili." Alinitazama kwa huruma akidhani homa imepanda kichwani. Kwa Kinyarwanda umuti ni dawa, na mti ni igiti. Kwa hiyo mti wa Mnyarwanda uko katika ngeli ya ikintu pamoja na vyombo, na neno ambalo ni pacha wa mti wa Kiswahili limebaki kwa dawa peke yake. Mtu angeweza kuandika tasnifu nzima kwamba Mnyarwanda huona katika mti dawa na chombo tu. Lakini tasnifu hiyo ingekanushwa na kila bibi anayekataza watoto kuuvunja mti uliopandwa penye makazi ya wazee wake.

Mila zilihifadhi nini?

Tukiacha sarufi na kuangalia matendo, tunakuta jambo lenye sura mbili. Wagesera, mojawapo ya koo za Rwanda, wana inyamanza, yule ndege mdogo anayetikisatikisa mkia uani, na mila inakataza kumwua. Wanyiginya wana umusambi. Karibu na Musanze msitu mdogo wa Buhanga umesalia kwa sababu ulihusishwa na ibada za kutawazwa kwa wafalme. Kwa ndugu zetu wa pwani ya Kenya, misitu ya makaya ya Wamijikenda ilisalimika kwa sababu wazee walilinda humo makaburi na mahali pa maombi. Mwaka 2008 misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Tusiziongezee mila hizi wala tusizipunguzie. Zilihifadhi. Lakini zilihifadhi ndege fulani kwa ajili ya ukoo fulani, na msitu fulani kwa ajili ya mfalme au wazee fulani. Mgesera hakukatazwa kuwinda ndege wengine. Msitu usio na kaburi ulifyekwa ukawa shamba, na hakuna aliyeona dhambi. Hii si lawama. Watu walihitaji kula, na misitu ilikuwa mingi.

Hifadhi za serikali zilianza kwa fikra nyingine. Mwaka 1925 mfalme Albert wa Ubelgiji aliidhinisha hifadhi iliyopewa jina lake katika milima ya volkano, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Sehemu yake ya Rwanda ndiyo leo Hifadhi ya Volkano. Mwaka 1934 ikaundwa Akagera mashariki ya nchi. Wanyama walipata mlinzi, lakini waliokuwa wakiwinda, kuchunga au kukata kuni humo waligeuka wahalifu kwa siku moja. Hawakuulizwa thamani ya msitu kwao ilikuwa nini.

Viongozi wa uhuru walilirithi tatizo hilo. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, kulifanyika mkutano wa uhifadhi mjini Arusha, na Julius Nyerere akatoa tamko ambalo lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tamko lile lilieleza kwamba wanyama wa mwituni na makazi yao ni chemchemi ya mshangao na msukumo wa moyo, na papo hapo kwamba ni sehemu ya rasilimali na riziki ya baadaye ya watu. Likaomba nchi nyingine zisaidie kwa wataalamu na fedha. Angalieni jinsi hoja mbili zilivyokaa ndani ya tamko moja: maumbile yana thamani kwa sababu ni ya ajabu, na maumbile yana thamani kwa sababu yatatulisha.

Kutoka Varna hadi Nairobi

Hoja hizo mbili ndizo zilizowashughulisha wanafalsafa wa nchi za magharibi. Wa kwanza kutajwa huwa ni Mmarekani Aldo Leopold, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1949 baada ya kifo chake. Yeye alitaka jamii ya kimaadili ipanuliwe iingize udongo, maji, mimea na wanyama. Mwaka 1973 Mnorwe Arne Næss alichapisha makala yaliyotofautisha uhifadhi wa juu juu, unaojali afya na mali ya watu, na uhifadhi wa kina, unaovipa viumbe vyote haki ya kuishi.

Mwaka huo huo wa 1973, katika mkutano wa dunia wa falsafa uliofanyika Varna, Bulgaria, Richard Routley alitoa mfano ambao ninautumia darasani hadi leo. Tuseme amebaki mtu mmoja tu duniani, naye yu karibu kufa. Kabla ya kufa anaua kila mnyama na kuchoma kila msitu anaoweza kuufikia. Hakuna mtu atakayedhurika, kwa kuwa hakuna mtu atakayebaki. Je, amekosea? Anayejibu "hapana" anaamini kwamba maumbile yana thamani ya matumizi tu. Anayejibu "ndiyo" anaamini kwamba yana thamani yake yenyewe, hata kama hakuna wa kuyatumia.

Nilipowauliza wanafunzi wangu, wengi walijibu kwamba amekosea. Nilipowauliza kwa nini, binti mmoja alisema: "Kwa sababu hakuviumba yeye." Kijana aliyekaa nyuma akapinga: "Mwalimu, mimi sijui habari za mtu wa mwisho. Mimi najua watu ni wengi na ardhi haitoshi." Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini kijana yule alikuwa amegusa udhaifu wa mjadala mzima.

Mwanafalsafa wa Kenya Henry Odera Oruka (1944–1995) aliugusa udhaifu huo kitaaluma. Mwaka 1991 jiji la Nairobi lilipokea mkutano wa dunia wa falsafa, na mada zake zilihusu falsafa, binadamu na mazingira. Kutokana na mkutano huo kilitoka kitabu alichokihariri mwaka 1994, na ndani yake yeye na Calestous Juma waliandika kuhusu maadili waliyoyaita ya dunia mzazi. Walitumia mfano wa familia. Watoto wa mzazi mmoja hawalingani kwa mali: wengine wametajirika, wengine ni hohehahe. Hata hivyo mali ya kila mmoja ina deni kwa mzazi na kwa nasaba ya pamoja, kwa hiyo tajiri hawezi kumwambia maskini kwamba shida yake haimhusu. Dunia ndiyo mzazi huyo. Kuharibu urithi wake ni kuwakosea ndugu wote, na kumwachia ndugu maskini mzigo wote wa kuutunza ni kosa vilevile.

Naona hapa mchango mkubwa wa Afrika Mashariki katika mjadala huu, na ninasikitika kwamba haufundishwi sana. Odera Oruka hakusema kwamba wazee wetu walikuwa na majibu yote, wala hakuyatafuta katika ngeli. Alijenga hoja. Na hoja yake inaunganisha maswali mawili ambayo wengi huyatenga: maumbile yana thamani gani, na nani anabeba gharama ya thamani hiyo? Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliyaunganisha maswali hayo kwa mikono ya wanawake waliopanda miti wakiwa na shida ya kuni na maji.

Jina na bei

Turudi Rwanda. Tangu mwaka 2005 nchi yetu hufanya sherehe ya Kwita Izina, ambapo watoto wa gorila wa milimani, tunaowaita ingagi, hupewa majina mbele ya umma. Wazee wetu walimpa jina mtoto wa binadamu siku ya nane baada ya kuzaliwa. Kumpa mnyama wa mwituni jina kwa sherehe inayoiga ile ni jambo kubwa katika historia ya fikra zetu. Mstari aliouchora Kagame kati ya umuntu na ikintu haukufutwa, lakini umevukwa, tena bila kubadilisha hata kiambishi kimoja: tunaendelea kusema ingagi irarya.

Lakini ingagi huyo mwenye jina ana bei pia. Mwaka 2017 kibali cha mtalii mmoja kumtembelea kilipandishwa hadi dola 1,500, na asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zetu hutengwa kwa wanakijiji wanaopakana nazo. Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba chenye bei kinaweza kubadilishwa kwa kingine, na chenye hadhi hakina mbadala. Ingagi wetu ana vyote viwili. Watu wenye msimamo mkali hulalamika kwamba bei inachafua jina. Mimi siafikiani nao: idadi ya gorila wa milimani duniani imepita 1,000, na bila bei ile sijui mkulima wa viazi aliyeharibiwa shamba na nyati angeelezwa nini.

Hata hivyo hoja ya bei ina mwisho wake. Msitu wa Gishwati, magharibi ya nchi, ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Miradi ya malisho na ya miti ya mbao, kisha makazi ya watu waliorudi nchini bila ardhi baada ya 1994, vikaumega kidogo kidogo hadi zikabaki kama hekta 600 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bandu bandu huisha gogo. Akagera nayo ilikatwa mwaka 1997 ikabaki chini ya nusu, kwa sababu ile ile ya makazi, na simba wake wakaisha. Nani angethubutu kumwambia mkimbizi aliyerudi na ng'ombe wake kwamba swala ana haki kuliko yeye? Na bado uamuzi ule ulilipiwa na wengine, kwani mteremko usio na miti hauna wa kuushika mvua ikizidi. Gishwati na Mukura zilipewa sheria ya hifadhi mwaka 2015. Simba saba waliletwa Akagera mwaka huo huo, na vifaru weusi 18 mwaka 2017.

Sheria nazo zimeandika majibu yake. Katiba yetu ya 2003, na marekebisho ya 2015, humpa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na wajibu wa kuyalinda. Mwenye haki hapo ni mtu. Uganda imepiga hatua nyingine: sheria yake ya mazingira ya 2019 inasema kwamba maumbile yenyewe yana haki ya kuwepo, kudumu na kujirejesha. Lakini ni Uganda hiyo hiyo ambako mwaka 2021 Mahakama ya Katiba iliona kwamba Wabatwa, waliotolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga, hawakufidiwa ipasavyo. Msitu ulipata haki yake kwenye karatasi. Waliouishi walikuwa bado wanaidai yao mahakamani. Kijana wangu wa nyuma ya darasa angesema: "Si nilisema?"

Makorongo wasiorudi angani

Nyandungu, bonde lililotajwa na mwanafunzi wangu, haliko mbali na Busanza. Uwanja wa ndege wa Kanombe uko katikati yetu. Ni igishanga, ardhi oevu iliyoharibika, ikarejeshwa, na mwaka 2022 ikafunguliwa kuwa bustani ya hekta 121. Faida zake zinahesabika: maji huchujwa, mafuriko hupunguzwa, watu hupumzika. Mumo humo kuna bustani ya mimea ya dawa, umuti na igiti mahali pamoja. Kwingineko jijini, kuanzia mwishoni mwa 2019, kaya nyingi zilitakiwa kuhama katika mabonde ya aina hiyo, na baadhi ya waliokuwa wakiishi humo huona thamani ya bonde kwa jicho tofauti na la mwenye kutembea jioni kwa ajili ya afya. Tuwasikilize wote wawili.

Lakini mfano ulionifundisha zaidi ni wa umusambi wenyewe. Ndege huyu yuko katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini tangu 2012. Hapa kwetu alikamatwa mabondeni akafugwa kama pambo katika bustani za hoteli na nyumba za wenye uwezo, mara nyingi akiwa amekatwa au kuvunjwa mbawa asitoroke. Waliomfuga walimpenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomwangamiza. Kuanzia 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake, kwa kushirikiana na serikali, waliwaomba wenye ndege hao wawaandikishe bila kuadhibiwa. Zaidi ya ndege 200 walikusanywa, na wenye uwezo wa kuruka wakaachiliwa Akagera. Sensa za nchi nzima zilizoanza 2017 zinaonyesha kwamba walio mwituni wameongezeka zaidi ya mara mbili.

Wapo ambao hawakuweza kuachiliwa kwa sababu mbawa zao haziponi. Hao wametengewa ardhi oevu iliyorejeshwa hapa Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village. Korongo wa namna hiyo hawezi kuruka, na walinzi wake wanajua kwamba hatapona. Mtu anaweza kusema kwamba hata yeye huleta wageni, na ni kweli. Lakini uamuzi wa kumtunza ulifanywa na watu waliomwona kuwa amedhulumiwa, na aliyedhulumiwa hudai fidia hata kama hana faida. Hili, kwa maoni yangu, ndilo jibu la swali la Varna lililotolewa na Wanyarwanda, tena bila kumngoja mtu wa mwisho.

Na Mnyarwanda anayempelekea ndege huyo chakula asubuhi husema umusambi urarya, kwa upatanisho uleule wa umusozi na umugezi, yaani mlima na mto. Sarufi yake haikumzuia kumtendea haki. Waliokuwa wakimkata mbawa walisema lugha hiyo hiyo, na sarufi haikuwazuia pia.

Hitimisho

Tangu sheria ya 2017 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda, madarasa yetu yanajaa, na kila tunachokiandika ubaoni kitaandikwa tena na walimu wa kesho. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, tuache kuwaambia wanafunzi kwamba A-WA ni ngeli ya viumbe hai. Tuseme wazi kwamba ni upatanisho wa watu na wanyama, na wengine wanaochukuliwa kama watu, mfano malaika na shetani. Mti ni hai na hauingii. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, tumjibu kwamba ndivyo lugha ilivyojigawa, si kwamba mti una thamani ndogo.

Pili, tutumie jozi kama korongo amekauka na korongo limekauka, kifaru amelala na kifaru kimelala, pamoja na umuti na mti, ili mwanafunzi wa Kinyarwanda aone tofauti badala ya kukariri.

Tatu, mada ya mazingira katika utungaji na midahalo isiishie kwenye "tupande miti, tusitupe taka". Tuwaulize wanafunzi swali la mtu wa mwisho, kisha tuwaulize la Odera Oruka: nani analipa? Kiswahili kina maneno ya kutosha kulijadili.

Yule mwanafunzi amekwisha kufika mwaka wa tatu. Alama nilizomkata sikuzirudisha, kwa sababu "unaruka" bado ni kosa. Lakini katika maandishi yangu ya somo la Lugha na Utamaduni nimefuta ule ukurasa mzuri kuhusu heshima iliyofichwa ndani ya upatanisho. Mahali pake nimeandika habari za makorongo wa Kigali, na swali la mti nimeliacha mwanzoni kabisa, kwa jina la darasa lililoliuliza.